Namba Tasa katika Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa: Historia ya Jina na Hesabu

Katika vitabu vya hesabu vya shule za msingi za Tanzania, namba nzima iliyo kubwa kuliko moja, nayo haigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe, huitwa namba tasa. Jina hili limezoeleka kiasi kwamba ni mara chache mtu husimama akaliuliza asili yake. Hata hivyo tasa, katika usemi wa kila siku, ni mwanamke au mnyama wa kike asiyezaa, na si neno jepesi kulisema mbele za watu. Wagiriki wa kale, Waarabu na Walatini waliiita namba hiyo hiyo kwa neno lenye maana ya "ya kwanza". Basi kuna mataifa yaliyoitazama namba hii yakaona mwanzo, na kuna lugha moja iliyoitazama ikaona mwisho wa kizazi. Tofauti hii yastahili kuchunguzwa, kwa kuwa istilahi ya elimu si kibandiko tu. Hiyo ndiyo mlango wa kwanza ambao mtoto hupitia kuingia katika fikira yenyewe.

Mahali panapofaa kwa uchunguzi huu ni Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Huko namna nyingi za kuhesabu zimekutana katika eneo dogo, na kuwasili kwa baadhi yake kwaweza kutajwa kwa miaka. Ili uchunguzi usielee hewani, namba moja kubwa itachukuliwa kuwa kipimo, nayo ni 2,147,483,647.

Nchi na lugha zake

Uwanda wa Kyela umelala kati ya milima ya Rungwe na ziwa, nao wapitiwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Wenyeji wake wengi ni Wanyakyusa. Upande wa mashariki, chini ya milima ya Livingstone, wamo Wakisi wa Ikombe, mafundi wa vyungu, ambao vyungu vyao hufika katika soko la Lyulilo karibu na Matema. Ng'ambo ya Songwe, katika Karonga, wamo Wangonde, ambao usemi wao na Kinyakyusa ni ndugu wa karibu sana. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya mto huo kuwa mpaka wa dola mbili, lakini haukuweza kuigawa lugha kama ulivyoigawa nchi.

Katika Kinyakyusa, kama katika lugha nyingine za Kibantu, namba ndogo hupatana na jina la kitu kinachohesabiwa: umundu jumo ni mtu mmoja, abandu babili ni watu wawili, abandu batatu ni watu watatu. Mashina -bili na -tatu ni yale yale ya Kiswahili -wili na -tatu, urithi wa lugha mama moja. Namba hapa ni sifa ya kitu, kama urefu au wema. Haijitengi na kitu hicho. Hata pale mtu anapohesabu bila kutaja kitu, lugha humtaka achague ngeli. Msemaji wa Kiswahili husema moja, mbili, tatu kwa upatanisho wa ngeli ya nyumba na nguo. Msemaji wa Kinyanja, lugha kubwa ya kusini mwa ziwa, husema chimodzi, ziwiri, zitatu, kwa upatanisho wa ngeli iliyo sawa na ki- na vi- ya Kiswahili. Wote wawili wanahesabu "vitu" visivyotajwa.

Kinyanja chaonyesha jambo la pili. Baada ya zisanu, yaani tano, hakuna shina jipya mpaka khumi, yaani kumi. Sita ni zisanu ndi chimodzi, tano na moja. Tisa ni zisanu ndi zinayi, tano na nne. Namba 17 husemwa khumi ndi zisanu ndi ziwiri: kumi na tano na mbili. Mkono mmoja wa binadamu waonekana wazi katika hesabu hiyo. Kiswahili nacho kilikuwa na maneno yake ya kale ya namba za juu: mtandatu kwa sita, fungate kwa saba, na kenda kwa tisa. Yalisukumwa na sita, saba na tisa za Kiarabu, hata fungate likabaki kwa siku saba za arusi tu, na kenda likabaki vinywani mwa wazee na washairi.

Namba hizo za pwani zilifika ziwani pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Wafanya biashara Waswahili na Waarabu walikuwa na vituo magharibi ya ziwa, na mmoja wao, Mlozi, alijenga ngome karibu na Karonga. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde na kuwaua wengi, na vita vilivyofuata baina yake na Waingereza havikwisha kabisa mpaka aliponyongwa mwaka 1895. Ni lazima ikumbukwe kwamba korija, yaani nguo ishirini, na frasila ya pembe, ni maneno yaliyosikika huko kwanza katika mizani ya watu hao. Lugha haichagui mlango wa kuingilia.

Mwaka 1891 waliingia wamisionari Wajerumani kwa makundi mawili, Wamoravian wakianza Rungwe, na wa Misheni ya Berlin chini ya Alexander Merensky. Mwaka 1899 C. Schumann alitoa muhtasari wa sarufi ya lugha ya Wakonde, kama Wanyakyusa walivyoitwa wakati huo, katika jarida la Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin. Nayo serikali ya Kijerumani ilileta kodi ya nyumba na fedha ya kuilipa. Rupia ilikuwa na pesa 64, na baada ya mabadiliko ya fedha ya miaka 1904 na 1905 ikawa na heller 100. Hapa hesabu yenyewe yaanza kuonekana. Sitini na nne hugawanyika nusu kwa nusu mara sita mpaka kufika moja. Pishi ina vibaba vinne, korija ina ishirini, dazeni ina kumi na mbili. Soko, popote duniani, huchagua namba zenye vigawo vingi, kwa sababu muuzaji na mnunuzi hutaka kugawa. Ni nadra kukuta kipimo cha kumi na tatu au cha kumi na saba. Namba tasa ni zile ambazo soko lilizikwepa, na pengine ndiyo sababu hazikupata jina mpaka mwalimu alipozihitaji.

Namba iliyochaguliwa

Namba 2,147,483,647 ni mbili kipeo 31, kasoro moja. Maana yake yaweza kuonekana kwa mpunga, ambao ndio fahari ya Kyela. Mtu akiweka punje moja siku ya kwanza ya mwezi, mbili siku ya pili, nne siku ya tatu, akaendelea kuongeza maradufu hivyo hivyo mpaka siku ya 31, jumla ya punje zote itakuwa 2,147,483,647. Ikikadiriwa kwamba punje 1,000 zina uzito wa gramu 25, fungu hilo litapita tani 53, yaani magunia 536 na ziada ya kilo 100 kila moja.

Sasa fungu hilo likiongezwa punje moja tu, laweza kugawanywa nusu kwa nusu mara 31 bila kusaza, mpaka ibaki punje moja. Lakini bila punje hiyo haligawanyiki kabisa. Hakuna idadi ya watu, wawe wawili au elfu arobaini, wawezao kugawana fungu hilo sawasawa, isipokuwa wawe wengi sawa na punje zenyewe, kila mtu apate moja. Wala punje hizo haziwezi kupangwa kwa safu zilizo sawa, kama miche ya kakao shambani, ila katika mstari mmoja mrefu.

Si kila namba ya umbo hili ni tasa. Mbili kipeo 11, kasoro moja, ni 2,047, nayo ni 23 mara 89. Mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne alitoa mwaka 1644 orodha ya vipeo ambavyo, kwa maoni yake, vilileta namba tasa. Kipeo 31 kilikuwamo, na hakukosea. Lakini aliingiza 67 na 257 visivyostahili, akaacha 61, 89 na 107 vilivyostahili. Ilikuwa rahisi kudai, na vigumu kuthibitisha.

Aliyethibitisha kipeo 31 ni Leonhard Euler, mwaka 1772, wakati alipokuwa St. Petersburg naye macho yake yamekwisha kupotea karibu kabisa. Njia yake yaeleweka hata bila elimu kubwa. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kwa namba hii kikomo hicho ni 46,340. Chini yake zimo namba tasa zaidi ya 4,700, na kuzijaribu zote kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Lakini kigawo cho chote cha namba ya umbo hili hufuata sheria. Katika 2,047, ambayo kipeo chake ni 11, vigawo 23 na 89 vyote ni kigawe cha 22 kuongeza moja, nayo 22 ni mara mbili ya 11. Tena kila kimoja hutofautiana kwa moja tu na kigawe cha nane: 23 ni 24 kasoro moja, na 89 ni 88 kuongeza moja. Sheria hizo mbili zikiunganishwa kwa kipeo 31, kigawo lazima kiwe kigawe cha 248 kuongeza ama 1 ama 63. Namba tasa za namna hiyo chini ya 46,340 ni takriban 80 tu. Euler hakuhitaji kupepeta ghala zima. Sheria zilikuwa ungo wake, nazo zilimwachia punje chache za kutazama. Akazitazama, na hakuna hata moja iliyogawa.

Kutoka hapo ilipatikana pia namba kamili, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ilivyo jumla ya 1, 2 na 3. Tangu zama za Euklide ilijulikana kwamba kila namba tasa ya umbo hili huzaa namba kamili moja, na ile ya Euler ilizaa 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kwamba hiyo yaelekea kuwa namba kamili kubwa kuliko zote zitakazogunduliwa, kwa sababu hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Edouard Lucas wa Ufaransa alithibitisha kipeo 127. Mwaka 1952 kompyuta ilianza kazi hiyo kwa kipeo 521. Mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya kipeo 136,279,841, iliyopatikana na Mmarekani Luke Durant katika mradi wa GIMPS, yenye tarakimu 41,024,320. Ikipigwa chapa tarakimu 3,000 kwa ukurasa, itajaza kurasa zaidi ya 13,600. Ama kuhusu faida, tangu Rivest, Shamir na Adleman walipotoa njia yao ya kuficha habari mwaka 1977, namba tasa kubwa zimekuwa kufuli za barua na malipo ya ulimwengu mzima.

Na namba ya Euler yenyewe ina makao mapya. Ndiyo namba kubwa kuliko zote iwezayo kuandikwa katika nafasi ya biti 32 za kompyuta inayohesabu chanya na hasi. Mitambo inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa nafasi hiyo itaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, wakati wa mapambazuko juu ya milima ya Livingstone. Isiporekebishwa, sekunde itakayofuata itarudishwa nyuma mpaka mwaka 1901.

Jina lake katika Kiswahili

Namba hii husomwa: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukiondoa marudio na kiungo "na", jina hili lina maneno kumi na matatu. Manne ni ya Kibantu: moja, mbili, tatu, nne. Sita ni ya Kiarabu: sita, saba, arobaini, themanini, mia, elfu. Moja, laki, ni la Kihindi. Mawili, milioni na bilioni, ni ya Ulaya. Mpangilio wao si wa bahati. Maneno ya nyumbani yanashika idadi ndogo ambazo kila mtu huhesabu kwa vidole. Ya Kiarabu yanashika makumi, mamia na maelfu ya jahazi na msafara. La Kihindi linashika hesabu ya wenye maduka na mikopo. Ya Ulaya yanashika idadi ambazo ni za serikali na benki peke yake. Namba moja imekuwa kama ukuta wa mji wa kale, ambao mchimbaji husoma zama zake tabaka juu ya tabaka.

Tabaka la juu ndilo lisiloaminika sana. Kwa Mjerumani wa zama za Schumann, kama kwa Mjerumani wa leo, Billion ni milioni mara milioni, na namba hii kwake huanza kwa Milliarde mbili. Shule za Afrika Mashariki zafuata bilioni ya milioni elfu moja. Lau Kiswahili cha kisasa kingaliundwa wakati wa Wajerumani, huenda namba hii ingalisomwa kwa jina jingine.

Kuna jambo lingine ambalo mwanalugha aweza kumwonyesha mwanahesabu. Majina ya namba hujengwa kwa kuzidisha na kwa kujumlisha. Mia tatu ni mia mara tatu. Elfu mbili ni elfu mara mbili. Lakini kumi na saba ni kumi kuongeza saba. Namba iliyo kubwa kuliko kumi, ambayo jina lake ni la kuzidisha tupu, haiwezi kuwa tasa, maana jina lenyewe limekwisha kutaja vigawo vyake. Ndivyo ilivyo hata kwa ishirini na arobaini, ambayo makumi yake yamefichwa ndani ya neno la kigeni, lakini yalionekana wazi katika usemi wa kale wa makumi mawili na makumi manne. Kila namba tasa iliyo kubwa kuliko kumi, katika Kiswahili na katika Kinyanja vile vile, haina budi kuitwa kwa kujumlisha, na neno lake la mwisho katika Kiswahili ni mojawapo ya manne tu: moja, tatu, saba, tisa. Mawili ni ya Kibantu na mawili ni ya Kiarabu.

Neno tasa

Sasa yawezekana kulirudia swali la mwanzo. Wagiriki waliiita namba hii ya kwanza kwa sababu waliitazama kwa upande wa kuzidisha. Kumi na tano huzaliwa na tatu na tano. Tatu na tano hazikuzaliwa na namba nyingine yo yote. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko moja ama ni tasa yenyewe, ama ni zao la namba tasa, na nasaba yake ni moja tu, haiwezi kuandikwa kwa namna ya pili ila kwa kubadili mpango. Kwa mtazamo huo namba tasa ndizo wahenga wa ukoo mzima wa hesabu. Kuziita tasa ni kumwita tasa bibi mzaa wote.

Lakini Kiswahili hakikupotea njia. Kilisimama upande wa pili. Kilizitazama kwa upande wa kugawa, kama sokoni. Ukiipasua kumi na tano, yatoka mafungu. Ukiipasua kumi na saba, halitoki fungu. Haizai vigawo, basi ni tasa. Inafaa kuangaliwa pia kwamba kwa namba zigawanyikazo kwa mbili na zisizogawanyika, Kiswahili kilichukua shufwa na witiri kutoka Kiarabu, maneno ambayo Waislamu waliyajua katika ibada. Kwa namba hii hakikuchukua neno la Kiarabu lenye maana ya ya kwanza, bali kilijitolea mfano chenyewe. Kwa hiyo istilahi hii ni ushahidi kwamba lugha ilifikiri yenyewe.

Hata hivyo mfano una gharama. Godfrey na Monica Wilson walifanya uchunguzi kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1957 juu ya mila za ukoo chaonyesha jinsi uzazi ulivyokuwa kiini cha arusi, mazishi na matambiko. Katika nchi ya namna hiyo, wala si hiyo peke yake, tasa si neno la hesabu kwanza. Ni neno ambalo mama aweza kuwa amelilia. Mtoto wa Kyela hulisikia darasani, na mara nyingi maelezo hayafuati.

Gharama ya pili ni ya shule. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na katika sekondari Kiingereza kikabaki. Mtoto aliyeanza na -bili na -tatu za nyumbani huingia katika namba tasa ya darasa la msingi, kisha akiwa na miaka kumi na mitatu au zaidi huambiwa kwamba kitu hicho sasa chaitwa prime, neno lenye asili ya Kilatini kwa maana ya kwanza. Hakuna amwambiaye kwamba amevushwa kutoka mfano mmoja mpaka mfano ulio kinyume chake. Huona neno gumu badala ya neno jepesi, na hudhani kwamba elimu imehama lugha.

Kwa hiyo wapo wapendao neno libadilishwe, liitwe kwa jina lenye maana ya mwanzo au msingi. Hoja yao ina uzito, lakini istilahi iliyokwisha kuenea vitabuni na midomoni haiondoki kwa amri, na kuwa na majina mawili kutawachanganya wanafunzi zaidi. Lililo jepesi na la haraka ni kwamba kamusi na vitabu vieleze neno kwa pande zote mbili: kwamba namba hii ni tasa kwa kugawa, na ni mzazi kwa kuzidisha, na kwamba moja haimo, kwa kuwa kigawo chake ni kimoja tu, na kama ingeingizwa nasaba za namba zisingekuwa na mwisho. Mwalimu wa Kyela aweza kuyaonyesha yote hayo kwa punje kumi na saba za mpunga juu ya meza. Wanafunzi wajaribu kuzipanga kwa safu zilizo sawa mpaka washindwe, kisha wazichukue safu tatu za punje kumi na saba, na wahesabu kilichozaliwa.